Aksolotli anaumwa, au ni maji? Utatuzi wa matatizo ya tangi, dalili kwa dalili

Ukimkuta aksolotli wako amekunja matamvua mbele, anaelea kama kizibo, au ana kitu kama pamba begani, usikimbilie dukani. Chota maji ya tangi uyapime kwanza. Nafuga wawili, Mandazi na Chapati (majina aliyatoa mpwa wangu, mimi sikuulizwa), na tangu 2021 nimenunua dawa mara mbili tu. Mara zote mbili kosa lilikuwa kwenye maji, na chupa za dawa ziko kabatini mpaka leo, hazijafunguliwa.

Huo mwaka wa 2021 ndio mchezo wa Minecraft ulipomwingiza aksolotli, na watoto wakaanza kumtaka kama wanavyotaka baiskeli. Kwenye mchezo anaishi popote penye maji. Huku nje, kwao ni Xochimilco, mifereji na mabaki ya ziwa upande wa kusini wa Jiji la Mexico, karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Maji ya huko ni ya baridi, hayaendi mbio, na yana kiza cha mimea na tope. Yeye ni salamanda, yaani amfibia (jamaa ya vyura) mwenye mkia, asiyemaliza kukua: habadiliki kutoka kiluwiluwi, matamvua yake yako nje ya kichwa maisha yote, na ngozi yake ni laini kiasi kwamba chochote kilichomo majini kinamgusa moja kwa moja. Dalili nyingi hapa chini zinaanzia hapo.

Namba za kubandika ukutani

Joto: nyuzi 16 hadi 18. Ishirini anaivumilia. Kuanzia 22 anahangaika, na ikikaa 24 kwa siku kadhaa unamuua polepole. Amonia: sifuri. Nitriti: sifuri. Nitrati: chini ya miligramu 20 kwa lita ni nzuri, ikikaribia 40 umechelewa kubadilisha maji. pH (kipimo cha uchachu wa maji): kati ya 6.5 na 8, na isiyumbeyumbe. Ukubwa: lita 75 kwa mmoja ni kima cha chini, kwa wawili mimi sishuki chini ya 150. Angalia eneo la sakafu kuliko kimo, kwa sababu huyu hutembea chini.

Kipimo kiwe cha chupa za matone. Vijiti vya karatasi vingi havina amonia kabisa, na amonia ndiyo unayoitafuta.

Kwa walioko Marekani: California, Maine na New Jersey zinakataza kumfuga, kwa hiyo tazama sheria kabla ya kununua kioo. Na popote ulipo, yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kumvusha mpaka kunataka vibali.

Tangi bado tupu, amonia haishuki

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kumwingiza mnyama kabla ya wakati, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuandaa tangi ni kulea bakteria. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huishi zaidi kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na kwenye kuta; ndani ya maji yenyewe ni wachache. Mpaka wazaliane vya kutosha ni wiki 4 hadi 8. Mimi nasema tangi limekomaa pale nikiweka miligramu 2 za amonia kwa lita, na baada ya saa 24 nakuta amonia sifuri na nitriti sifuri. Kabla ya hapo ni ndoo yenye kioo.

Sasa, umeweka amonia, wiki mbili zimepita, rangi ya kipimo ni ileile. Sababu ziko hivi, kwa mpangilio ninaoufuata nikitafuta.

Baridi. Mtu amesoma kwamba aksolotli anataka nyuzi 17, kwa hiyo ameanza na 17 tangu siku ya kwanza. Bakteria hawana haraka kwenye baridi hiyo. Wakati tangi halina mnyama, weka hita ya samaki uipandishe hadi 26 au 28, bakteria wafanye kazi, halafu uitoe hita. Ila jambo moja linasahaulika: tangi lililokomaa kwenye 27 litachoka kidogo likishushwa hadi 17. Lishushe, weka amonia tena mara moja, upime kesho yake. Likipita mtihani huo wa baridi, ndipo umwite mnyama.

Klorini. Maji ya bomba yanauliwa vijidudu kwa klorini, na haichagui kijidudu kizuri na kibaya. Kuyaacha maji kwenye ndoo usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini kampuni nyingine za maji hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa kusubiri. Tumia dawa ya kuondoa klorini. Soma lebo: zile zilizotiwa mshubiri kwa ajili ya ngozi ya samaki ziache, amfibia hazimfai.

Amonia imezidi. Ukivuka miligramu 5 kwa lita, unawazuia walewale uliotaka kuwalisha. Badilisha nusu ya maji.

Amonia yenye sabuni. Ile ya kusafishia vyoo mara nyingi ina manukato. Tikisa chupa, povu likikaa badala ya kupasuka mara moja, usiiweke kwenye tangi.

pH imeshuka. Chini ya 6.5 bakteria hulegea, chini ya 6 karibu wanasimama. Hili nitalirudia, kwa sababu liliniumiza mwenyewe.

Amonia imekwisha, nitriti imegoma kushuka

Hapa kwa kawaida hakuna ubovu. Kundi la pili la bakteria huchelewa kuliko la kwanza, na kwa wiki mbili au tatu kipimo cha nitriti kitakuwa zambarau iliyokolea bila kusogea. Kinachokudanganya ni kwamba kipimo kina mwisho wake: ikiwa kinaishia 5, basi 5 na 25 zinaonekana rangi moja. Chukua sehemu moja ya maji ya tangi, uichanganye na sehemu nne za maji ya chupa, pima, kisha zidisha kwa tano. Ukikuta nitriti iko juu sana, badilisha nusu ya maji na upunguze amonia unayoongeza.

Na kama nitrati inasoma sifuri wakati amonia na nitriti zinaisha vizuri, lawama iangukie mkono wako kabla ya tangi. Chupa ya pili ya kipimo cha nitrati ina unga unaotuama chini. Itikise nusu dakika kwa nguvu, uigonge mezani, uitikise tena. Nilipima sifuri wiki nzima kwa uvivu huo.

Tangi lilishakomaa, ghafla amonia imerudi

Kwanza jiulize: juzi uliosha sponji ya filta kwa maji ya bomba? Basi umewaua walinzi wako mwenyewe. Sponji huoshwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi, unaikamua mara mbili tatu, unairudisha ikiwa bado na weusi wake. Ikirudi inang'aa, umepitiliza. Vilevile filta iliyozimika kwa saa nyingi umeme ulipokatika hupoteza bakteria kwa kukosa hewa.

Kama hukuosha kitu, pima pH na ugumu wa kabonati (kiasi cha kabonati iliyomo majini). Mimi naishi Manchester. Maji yetu yanatoka milima ya Lake District; bomba kuu la kutoka Thirlmere lilifunguliwa 1894, na maji yanayoshuka nalo ni laini mno. Birika langu lina miaka sita na halijashika chokaa. Dada yangu yuko London, na birika lake limevaa chokaa kama ukuta wa nyumba ya zamani ya Pangani. Kwa chai, mimi ndiye niliyebahatika. Kwa tangi, yeye.

Bakteria wakila amonia huzalisha asidi, na asidi hiyo huliwa na kabonati iliyomo majini: kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia humaliza kama miligramu 7 za kabonati ya kalsiamu. Maji ya London yana akiba ya kutosha. Yangu hayana. Mwezi wa tano wa kufuga, nikamkuta Mandazi kajibanza pembeni, amonia 1, na pH 6.0. Kipimo changu mwisho wake ni 6.0, kwa hiyo huenda ilikuwa chini zaidi. Akiba ilikwisha, pH ikaanguka, bakteria wakagoma.

Kosa ambalo karibu nilifanye ni kumwaga bikabonati ya sodiamu papo hapo. Usifanye hivyo akiwa ndani. Kwenye maji yenye pH ya chini, amonia nyingi hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halina ukali sana. Kila pH ikipanda namba moja, sehemu yenye sumu huongezeka takriban mara kumi. Ukiipandisha kutoka 6 hadi 8 kwa kijiko kimoja, umegeuza kitu alichokuwa anakivumilia kuwa kitu cha kumchoma matamvua, na hakuna tone moja la amonia uliloongeza.

Njia salama: mtoe kwanza. Mweke kwenye beseni la plastiki lenye maji yaliyoondolewa klorini, joto lilelile, na kila siku umbadilishie maji yote. Beseni si adhabu. Aksolotli anaweza kukaa humo wiki kadhaa akiwa salama kuliko kwenye tangi bovu. Yeye akiwa nje, ndipo urekebishe tangi. Bikabonati ya sodiamu, kijiko cha chai kimoja kwa lita 50, hupandisha ugumu wa kabonati kwa kama digrii 4. Kwa muda mrefu mimi nimeweka matumbawe yaliyopondwa ndani ya mfuko wa wavu, karibu na filta, yanayeyuka yenyewe kidogo kidogo. Yawe ndani ya mfuko, yasimwagwe chini, na sababu utaiona kwenye sehemu ya kuelea.

Maji meupe, ya kijani, au vumbi la kahawia

Meupe kama maji ya wali: bakteria wa majini wamefumuka, hasa tangi jipya. Subiri, usibadilishe maji yote. Ya kijani: mwanga umezidi, sogeza tangi mbali na dirisha na upunguze taa. Vumbi la kahawia kwenye kioo: mwani wa tangi jipya, futa kwa kitambaa. Utelezi mweupe kwenye gogo jipya hauna shida. Ukiona maji yanatoa povu lisilokwisha na yananuka, tafuta mnyoo uliooza nyuma ya mtungi.

Kipimajoto kinasoma 24 na kinaendelea kupanda

Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze. Nyumba za huku zimejengwa kutunza joto, hazina feni darini, na saa tisa alasiri tangi langu lilisoma 26. Mandazi, ambaye kwa kawaida hana haraka na lolote, alikuwa anapanda juu kuvuta hewa kila dakika mbili na kushuka tena. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 15 lita moja hubeba kama miligramu 10, kwenye 25 ni kama 8, na wakati huohuo mwili wake unataka zaidi.

Nilichofanya siku ile: nilizima taa, nilifunga pazia, nilifunua mfuniko nikaweka wavu (huruka, usimwamini), nikaelekeza feni ya mezani kwenye uso wa maji. Feni hupoza kwa kuyafanya maji yapande kuwa mvuke, na hushusha nyuzi 2 hadi 4. Chupa za maji yaliyogandishwa nilizizungusha moja moja. Kutupa barafu nyingi kwa mkupuo hushusha joto kwa kasi, halafu linapanda tena, na kupanda na kushuka huko kunamchosha kuliko joto lenyewe. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazie kwa maji yaliyoondolewa klorini, na ukumbuke madini hayaondoki na mvuke. Endelea na ubadilishaji wako wa kawaida.

Feni ina mpaka wake. Inafanya kazi hewa ikiwa kavu. Kwa anayeishi Muscat, Mombasa au Dar es Salaam, ambako nguo zenyewe hazikauki, mvuke haupandi na feni inapuliza joto tu. Huko mashine ya kupozea maji ya tangi ni lazima, na mashine hiyo mara nyingi bei yake inalipita tangi na mnyama pamoja. Kama haimo kwenye bajeti yako, mfuge mnyama mwingine. Nasema hivi nikijua nitachukiwa na watoto wa mtu.

Matamvua yamejikunja mbele, ncha ya mkia imepinda kama ndoana

Hii ndiyo lugha yake ya kusema hapa pananikera. Akiyapunga matamvua mara moja na kuyarudisha, hiyo ni kawaida, anayasafisha. Yakibaki yameelekea mbele saa nzima kama mtu aliyepandisha kola, kuna jambo.

Jambo la kwanza kutazama ni mkondo wa maji. Filta yenye mota kubwa inamsukuma mchana na usiku, na yeye ametoka kwenye mfereji uliotulia. Dondosha chembe ya chakula majini: ikisafiri upande mpaka upande kabla ya kufika chini, mkondo ni mkali. Elekeza mdomo wa filta ukutani, au fanya kama nilivyofanya mimi, ukahamie filta ya sponji inayoendeshwa kwa pampu ya hewa. Ni ya bei ndogo, haina mkondo, na sponji ni nyumba kubwa ya bakteria.

Jambo la pili ni mwanga. Hana kope. Taa ikiwaka hawezi kufumba macho, na ile taa ya buluu inayomfanya apendeze kwenye picha ni mateso kwake. Mpe mapango mawili: kipande cha bomba la PVC lililolainishwa kingo, au chungu kilicholazwa. Mimea ya kivuli kama anubiasi inamfaa, ifunge kwenye jiwe kubwa.

Kama mkondo ni mpole na mwanga ni hafifu, pima amonia na nitriti. Matamvua yanayopungua manyoya yake, yakawa vijiti, mara nyingi yameunguzwa. Ama rangi, usishtuke nayo: yakiwa mekundu anapochangamka na kupauka anapolala, damu inapanda na kushuka tu.

Mnyama mpya anayeogelea huku na huko akigonga kioo kama aliyepagawa saa ya kwanza baada ya kubadilishiwa maji, hapo sipimi hata, najua. Ulisahau dawa ya klorini. Iweke sasa hivi, kwa kipimo cha tangi zima.

Anaelea

Kuelea kidogo akiwa anapumzika, miguu imelegea, kisha akashuka mwenyewe: anafurahia maisha. Humeza hewa juu na huitoa kwa kiputo kimoja kidogo. Kuelea makalio juu, anapiga miguu kushuka na hawezi, ni gesi au choo kigumu.

Uliza alikula nini. Na uliza tangi lina nini chini. Aksolotli hali kwa kutafuna; hufungua mdomo ghafla, maji yakavutwa ndani na kila kilicho mbele yake. Changarawe nzuri za rangi nilizouziwa dukani pamoja na tangi langu la kwanza zilikuwa saizi ya punje za mahindi, na muuzaji aliniapia kwamba “wanajua kuzikwepa.” Hawajui. Jiwe lolote dogo kuliko kichwa chake ni jiwe analoweza kumeza. Wiki ya tatu Chapati alilitapika moja ndani ya beseni, mbele yangu, na changarawe zote zikaishia kwenye chungu cha maua. Chini pawe tupu, au mchanga laini sana, chembe chini ya milimita 1, na mchanga wenyewe uwekwe akishavuka sentimita 12 hivi.

Kwa anayeelea tayari: acha kumlisha siku mbili tatu, mhamishe kwenye beseni lenye kina kidogo kiasi cha kufunika mgongo, mahali pa baridi. Wafugaji wazoefu humweka kwenye friji kwa nyuzi 5 hadi 8, wakimshusha polepole na kumbadilishia maji kila siku. Inasaidia, lakini si hatua ya kuanza nayo. Akivimba tumbo lote, au ngozi ikitanuka kama puto, hiyo ni ya daktari wa mifugo anayejua amfibia.

Hataki kula

Amefika jana? Mwache siku tatu. Joto limevuka 22, au amonia si sifuri? Rekebisha hilo. Yote sawa na bado anatema? Basi tazama mnyoo. Nyungunyungu mkubwa wa bustani ndiye chakula bora kwa mtu mzima, mara moja kila siku mbili au tatu. Lakini wale wadogo wekundu wa kwenye mbolea hutoa ute mchungu, na utamwona aksolotli akimdaka, akatulia kidogo kama anayefikiri, kisha akamtema kwa kishindo. Mwoshe mnyoo, mkate vipande, mtie maji ya moto sekunde chache kisha ya baridi, wengine hukubali. Kipande kisizidi upana wa kichwa chake. Usichimbe minyoo kwenye bustani iliyopigwa dawa.

Samaki wadogo kama chakula hai nimewaacha. Huleta magonjwa, na wale wa dhahabu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Wala usiwaweke kama majirani wa tangi: wadogo wataliwa, wakubwa watamnyofoa matamvua wakidhani ni minyoo. Xochimilco kwenyewe walipopandikizwa samaki aina ya kapu na sato, yule sato wetu wa Afrika, waliyamaliza mayai na vichanga. Hesabu ya 1998 ilikadiria aksolotli 6,000 kwa kilomita ya mraba. Ya 2014 ilipata 36.

Pamba nyeupe mwilini

Ni ukungu. Hukaa palipojeruhiwa au matamvua yaliyodhoofika, na ukiondoa pamba bila kuondoa sababu inarudi Ijumaa ijayo. Pima maji, shusha joto, mhamishe beseni.

Kisha chai. Sitanii. Chai nyeusi ina tanini inayokaza ngozi kidogo na kuusumbua ukungu. Kipakiti kimoja kwa maji ya moto, acha kipoe kabisa, changanya na lita 8 hivi za maji yake, mweke humo dakika 10 hadi 15 mara moja kwa siku. Chai tupu: isiwe na iliki, tangawizi, maziwa wala sukari, jambo ambalo kwa nyumba yetu lilitaka kununua pakiti ya pekee na kuiandikia juu “YA MANDAZI,” na wageni bado hawaelewi.

Dawa nyingine ya namna hiyo ni majani makavu ya mkungu. Huku yanauzwa dukani kumi kumi kwenye mfuko wa plastiki, kwa bei ya chakula cha mchana, yakiitwa mlozi wa Kihindi. Nilipoyaona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ni yale yale tuliyokuwa tukiyafagia kila asubuhi chini ya mkungu wa shuleni Tanga, tukipigania kungu zilizoanguka. Sasa mama akija huniletea bahasha. Jani moja la kiganja kwa lita 40 linatosha, maji yatakuwa na rangi ya chai hafifu na hilo halina neno. Anayekaa pwani aokote yaliyoanguka na kukauka yenyewe, mbali na barabara na dawa, ayaoshe.

Maji ya chumvi yanatajwa sana. Yanaua ukungu, na yakizidi yanaunguza ngozi na matamvua. Mimi huyaacha mpaka chai ya siku nne tano ishindwe, na hapo namuuliza daktari kwanza. Dawa za samaki zenye shaba usiziguse kabisa.

Mguu haupo

Kama wako wawili, mwenzake ameula. Wadogo chini ya sentimita 15 hivi hung'ata chochote kinachosogea, na mguu wa jirani husogea. Watenganishe, au weka kizuizi, walishe kila siku wakiwa katika umri huo, na usichanganye saizi mbili tofauti. Wala usiwaweke dume na jike pamoja kwa kudhani utaamua baadaye. Jike hutaga mamia ya mayai.

Jeraha lenyewe halitaki bendeji. Maji safi, baridi, mpweke, uangalie pamba isiote. Baada ya siku chache kisiki hufunga, kisha huota kichomozi cheupe kama punje ya mchele, na kwa mdogo anayekula vizuri mguu unakuwa kamili ndani ya miezi miwili hivi. Kwa mtu mzima ni zaidi. Chapati aliupoteza wa mbele wa kushoto mwezi Novemba. Mpwa wangu alikuwa akija kila Jumapili na rula, anabandika pua kwenye kioo, anahesabu vidole kwa sauti. Mguu wa mbele una vinne, wa nyuma vitano. Cha nne kilitokea wiki ya Krismasi, kifupi kuliko wenzake.